Mtoto Anayeona Rangi Katika Namba



Katika ziara yetu hapa Katesh tulikutana na mtoto wa Shule ya Jumapili aliyesema kwamba namba saba ni ya kijani na Jumanne ni ya njano. Wenzake walicheka. Mzee mmoja alimwita mwongo, na mama mmoja akashauri aombewe atokwe na pepo. Sisi tuliona kwanza tusome wataalamu wanasemaje.

Hali hii huitwa sinestesia, neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake hisia zilizoungana. Wanasayansi huieleza hivi: jambo moja, kama sauti au herufi, humfanya mtu ahisi na jambo la pili ambalo wengine hawalihisi, kama rangi au ladha. Hutokea lenyewe, mtu hachagui. Tena kwa kawaida halibadiliki. Mwaka 1987 Simon Baron-Cohen na wenzake huko Uingereza walimwuliza mwanamke mmoja rangi za maneno zaidi ya 100. Alipoulizwa tena baada ya wiki kadhaa, majibu yake yalikuwa yale yale. Anayebuni tu husahau. Hata hivyo baadhi ya wataalamu siku hizi wanahoji kama kipimo hicho kinatosha, na kwa watoto wadogo rangi huchukua miaka kadhaa kutulia. Kwa hiyo mtoto akijichanganya, tusikimbilie kusema anadanganya.

Sisi Waswahili husema "nasikia harufu" au "nasikia baridi". Hiyo ni lugha tu, siyo sinestesia.

Siyo ugonjwa, na mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2006 uliwakuta watu wapatao 4 katika kila 100 wakiwa na aina mojawapo. Lakini mtoto anayeanza ghafla kuona rangi au mianga, hasa akianguka au kupoteza fahamu, huenda ni kifafa. Huyo apelekwe hospitali mapema, iwe ya wilaya au Haydom, na maombi yaendelee akiwa njiani.

Kwa mtoto wetu hatukuhitaji bajeti. Mwalimu wake aliandika katika daftari rangi za namba kuanzia sifuri hadi tisa. Atamwuliza tena baada ya likizo, bila kumwonyesha.