Ng'ombe Sita na Jambo Lisiloulizwa

Shangazi, mimi ni mzaliwa wa Busia upande wa Kenya, nami niliolewa Tororo miaka minane iliyopita kwa ng'ombe sita. Tuna watoto wawili. Siku tatu kwa wiki huvuka mpaka kuuza omena. Nataka kuondoka, lakini baba anasema ng'ombe wale walikwisha tolewa kwa ndoa ya kaka yangu, na mume wangu anasema sitoki mpaka wote warudi. Miaka mitatu nimeweka akiba ya siri kwa mwenzangu wa sokoni, na sasa imefika bei ya ng'ombe wawili na nusu. Nitapata wapi mkopo wa kumalizia? Ananipiga, ila hilo si swali langu.
Muuza Omena

Mwanangu,

Barua yako ilikuwa na kurasa nne, nami nimeipunguza kwa makusudi, nikaondoa kila jina na kila kijiji, ili asiwepo wa kukutambua. Jambo moja sikuweza kulichapa. Nyuma ya ukurasa wa mwisho nimekuta hesabu uliyoipiga kwa penseli: bei ya mtamba kwa shilingi za Kenya, na chini yake kwa shilingi za Uganda, ikakatwa, ikapigwa upya, ikakatwa tena. Nimeitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu kuliko nilioutumia kuisoma barua yenyewe; kwani mwanamke ambaye, kwa maneno yako mwenyewe, huvaa sweta la mikono mirefu sokoni saa sita ya mchana ili wateja wasione mikono yake, kisha akaandika kurasa nne juu ya bei ya mifugo na sentensi moja tu juu ya kipigo, huyo amekwisha kubali moyoni mwake kwamba yeye ni rehani, na kwamba dhuluma anayofanyiwa ni riba ya deni lisilokwisha.

Deni hilo halipo. Nakuomba usome tena: halipo. Na aliyelifuta hakutoka mbali. Shirika la MIFUMI, lililochukua jina la kijiji cha humo humo wilayani Tororo, lilikwenda Mahakama ya Katiba ya Uganda mwaka 2007 kupinga desturi ya mahari, likashindwa mwaka 2010, likakata rufaa. Na tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikatoa hukumu kwamba kutoa mahari si kosa, walakini kudai yarudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Majaji waliona bayana kwamba desturi ya kurudisha mahari humdhalilisha mwanamke, haijali mchango wake wote alioutoa katika nyumba ile, na yaweza kumfunga katika ndoa ya mateso kwa sababu tu wazazi wake hawana cha kurudisha. Ni kana kwamba walikuwa wameisoma barua yako.

Sisemi haya kwa kuidharau mila. Mimi nami nilitolewa ng'ombe, na siku ile wazee wa pande mbili walipopeana mikono niliona fahari ambayo sijaisahau. Lakini kitu kilichotolewa kwa heshima hakiwezi baadaye kugeuzwa kuwa kamba. Tena, ikiwa mumeo ataka hesabu, basi ipigwe yote: miaka minane ya maji uliyoteka, mihogo uliyolima, moto uliouwasha kabla ya jua, watoto wawili uliowazaa, na omena ambayo, kama ulivyoniandikia, ndiyo iliyolipa karo ya mkubwa. Ni nani katika ukoo wake aliyewahi kukaa na kalamu akaandika hayo upande wa pili wa daftari? Mwanamke anayefanya kazi kwa mikono yake asikubali kuhesabiwa kama mali iliyokwisha nunuliwa, na ubaya mkubwa zaidi ni pale anapoishika penseli yeye mwenyewe na kujihesabu hivyo. Hapo, mwanangu, nakukemea, na nakukemea kwa mapenzi.

Nina neno pia na baba yako. Ndoa ya mwanawe wa kiume isisimame juu ya mgongo wa binti yake. Ikiwa aliwapokea ng'ombe wale kwa furaha mbele ya majirani, basi na aufungue mlango kwa furaha hiyo hiyo binti huyo anapobisha usiku. Kwani baba hakumwuza mwana, na mkwe hana cha kumdai. Wewe usiende kubishana naye. Mtume mtu anayemsikiliza, shangazi yako wa damu kama yu hai, amweleze hukumu hii pole pole.

Umeniandikia kwamba wazee wamekwisha kaa mara mbili, na mchungaji amekwisha omba; sikurudishi huko.

Sasa sikiliza kwa makini. Usimtajie mumeo hukumu hii wakati wa ugomvi, wala usimwambie kwamba unaondoka, maana aghalabu saa ya hatari kubwa kupita zote ni ile mwanamume anapotambua kwamba mke anamtoka. Kitambulisho chako, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi zao za kliniki vihamie kwa huyo mwenzako wa sokoni, kimoja kimoja, chini ya omena. Ukiwa Tororo, nenda kwa MIFUMI wenyewe, ambao huwashauri wanawake wenye kadhia kama yako, au kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia. Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 juu ya ukatili wa nyumbani inamruhusu hakimu kutoa amri ya kukulinda. Ukiwa Busia ya Kenya, piga 1195, hailipiwi, na uombe amri kama hiyo mahakamani chini ya sheria ya mwaka 2015. Popote ulipo, daktari akuone na aandike anachokiona, maana alama za mikononi hupona na ithibati ikapotea nazo.

Ukivuka, usidhani umefika. Mpaka wenu ndio ulioipa Afrika Mashariki neno bodaboda, na baiskeli iliyokuvusha wewe yaweza kumvusha na yeye kwa njia ya panya kabla ya jua kutua. Kwa hiyo usilale mahali anapopajua, na hata ukiwa na amri ya hakimu wa Tororo, piga ripoti polisi Busia siku ile ile. Watoto hawahesabiwi pamoja na ng'ombe: wakigombaniwa, mahakama ya upande wowote itatazama maslahi yao.

Na zile fedha, za ng'ombe wawili na nusu, ni zako. Ni kodi ya chumba chenye komeo la ndani, ni unga, ni gunia la kwanza la omena katika soko ambalo yeye halijui. Mkopo usikope.

Ukipata utulivu uniandikie tena, na safari hiyo uanzie pale uliposema si swali lako.