Tumbo Kujaa Kabla ya Hedhi: Maji au Gesi?

Siku zangu zikikaribia, sketi ya kazini haifungi. Sijala kupita kiasi, sijanenepa. Tumbo tu limejaa. Kilichonisaidia kuliko dawa yoyote ni kujua kwamba hapa kuna mambo mawili, na kila moja lina tiba yake.

La kwanza ni maji. Yai likishatoka, homoni hubadilika, na miili ya wengi wetu huanza kushikilia chumvi na maji. Utaona pete inabana, soksi zinaacha alama mguuni, matiti yanakuwa mazito, hata mizani inapanda kidogo.

La pili ni gesi. Homoni ya projesteroni hulegeza misuli ya utumbo, chakula kikapita polepole, choo kikawa kigumu na upepo ukakwama. Hapo pete inavuka vizuri tu, lakini ukiligonga tumbo kwa vidole linalia kama ngoma.

Kama ni maji, anza na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa ile iliyojificha kwenye soseji, achari, chipsi na vidonge vya mchuzi. Mimi ni mtu wa Pwani, papa mkavu siachi. Namloweka usiku kucha, asubuhi namwaga maji, namchemsha mara moja na kumwaga tena, ndipo naungia nazi, ndimu na pilipili bila kuongeza hata chembe ya chumvi. Ladha inabaki. Maji ya kunywa usipunguze, na tafadhali usinunue vidonge vya kukojosha dukani bila daktari kukuandikia.

Kama ni gesi, soda na bablishi ziache kwa siku hizo. Maharage loweka tangu jana yake, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya. Kula papai, na chungwa ulile na nyama zake badala ya kulikamua juisi. Baada ya chakula cha usiku usijilaze. Tembea mtaani taratibu, maana utumbo unaamshwa na miguu. Chai ya tangawizi nayo hunituliza sana.

Kwa kawaida hali hii hupungua hedhi inapoanza au siku chache baadaye. Dada yangu, ikiwa hedhi imekwisha na tumbo bado limejaa wiki baada ya wiki, au unashiba kwa matonge machache, unakonda bila sababu, au nyonga zinauma, nenda hospitali ukapimwe. Dalili hizo zinaweza kutokana na uvimbe au saratani ya ovari, na tangawizi haitibu hayo.