Maneno ya karakana: kufua, kusubu, kukereza, kuchomelea

Wiki iliyopita niliwauliza watoto wa darasa la kati wazazi wao wanafanya kazi gani. Watatu walijibu, “Anatengeneza vyuma.” Nikauliza anavifanya nini hivyo vyuma. Kimya! Basi somo la leo ni hilo, na mfano wetu ni kiwanda cha jeshi kilicho katika kisiwa tunachokiona kila tukivuka Mto Mississippi, Rock Island Arsenal.

Jina lenyewe lina ujamaa na Kiswahili. Arsenal limetoka katika Kiarabu, dar as-sina'a, nyumba ya kutengenezea vitu, likapitia Italia. Mzizi huohuo ndio uliotupa sisi neno sanaa. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuanzisha kiwanda hicho mwaka 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na zile karakana za mawe mnazoziona ni za karne hiyo ya 19.

Sasa tazameni neno kutengeneza. Kwetu lina maana mbili: kufanya kitu kipya, na kurudisha kilichoharibika. Pale kisiwani zote mbili hufanyika, kwa hiyo tukitaka kutofautisha tuseme kuunda na kukarabati. Gari lililoingia kutu hukarabatiwa. Mzinga mpya huundwa. (Ndiyo, mzinga, kama wa nyuki. Wazee waliona ule mwili mrefu wenye uwazi ndani, wakautumia jina lilelile. Na risasi ni madini kabla ya kuwa kitu cha kutoka kwenye bunduki.)

Kufua mnakujua kwa nguo. Lakini chuma nacho hufuliwa: kinapashwa moto mpaka kiwe chekundu, kinashikwa kwa koleo, kinawekwa juu ya fuawe na kupigwa nyundo. Afanyaye hivyo kwa mkono ni mhunzi. Kiwandani nyundo ni mashine kubwa kuliko chumba chenu cha kulala.

Kusubu ni kuyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu kipoe kikiwa na umbo lake. Fikirieni rojo la vitumbua linavyochukua umbo la kikaango. Kukereza ni kuzungusha kipande kwa kasi huku ncha kali ikikipunguza kidogo kidogo mpaka kiwe mviringo kamili. Miguu ya vitanda vya zamani vya Pwani ilikerezwa hivyohivyo, ila kwa mbao.

Kuchomelea kumetokana na kuchoma: choma, chomea, chomelea. Vipande viwili vinayeyushwa pale vinapokutana, vinakuwa kimoja. Wazazi wa Kongo wengi hutumia neno la Kifaransa, nalo halina ubaya, lakini mjifunze na hili. Wakati wa vita vya Iraq mafundi wa kisiwani walikata mabamba ya chuma cha pua na kuyaunda milango ya kinga ya magari ya Humvee, ili askari waliomo wasipigwe na vipande vya mabomu. Mnaocheka hiyo pua, chekeni haraka tuendelee.

Hapa naomba wazazi msome nami, maana navaa kofia yangu ya uuguzi. Kuchomelea hufanyika katika viwanda vingi vya mji huu, siyo pale tu. Mwanga wake una miale ileile ya jua inayounguza ngozi. Ukiutazama bila kinga, macho hayaumi palepale. Yanaanza baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, kama yamejaa mchanga. Na ukichomelea bomba au bati lililopakwa zinki ukavuta ule moshi, unaweza kupata homa na baridi kali, mwili unauma, kinywani ladha ya chuma. Huanza muda wa saa 4 hadi 10 baada ya kazi. Mtu aliyekulia kwetu atasema, “Malaria imerudi,” atameza dawa alizoleta kutoka nyumbani, alale. Kwa kawaida homa hiyo huisha baada ya siku moja au mbili. Lakini moshi wa madini mengine, kama kadimiamu, huanza hivyohivyo kisha huharibu mapafu. Kifua kikibana au pumzi ikiwa fupi, msingoje asubuhi, piga 911.

Na hospitalini nani anatafsiri? Mkalimani ni haki yenu, muombeni, msimtwike mtoto. Hata hivyo anayepokea simu usiku ule huenda akawa mtoto wa miaka kumi na miwili. Akijua kusema “baba alikuwa anachomelea chuma chenye zinki,” daktari ana pa kuanzia. Akisema “anatengeneza vyuma,” hana.

Kazi ya nyumbani: muulize mzazi au jirani mmoja anayeshika vyuma anafanya kipi kati ya kufua, kusubu, kukereza na kuchomelea, anavaa nini usoni, na chuma chake kimepakwa nini. Andika sentensi sita. Tumia kufua mara mbili, mara moja iwe ya nguo. Wadogo wachore koleo na fuawe. Leteni Jumamosi, nami nitaleta vitumbua.