Kuhamia Mji wa Kigeni kwa Fedha Kidogo

Tuseme mume na mke watoka Kampala kwenda kukaa Kigali, nao fedha zao ni chache. Wafanyeje?

Kwanza, safari. Waende kwa basi, kupitia Mbarara na Kabale hadi mpaka wa Katuna. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda aweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti. Mifuko ya plastiki waiache nyumbani, maana Rwanda iliikataza mwaka 2008.

Pili, desturi. Saa zao wazirudishe nyuma saa moja. Huko magari hupita kulia. Basi avukaye barabara atazame kushoto kwanza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, watu hufanya kazi ya pamoja iitwayo umuganda, na maduka hufungwa. Chakula kinunuliwe Ijumaa.

Tatu, nyumba. Wasilipe kodi ya miezi mitatu siku ya kwanza, wakabaki bila fedha ya chakula kabla ya mshahara. Wapange chumba kwa mwezi mmoja, wawaulize majirani habari za maji na bei za sokoni. Kiswahili ni lugha rasmi huko tangu 2017, lakini wajifunze kusema "Muraho".

Kuuliza si ujinga. Asiyeuliza hulipa mara mbili.