Somo: Windows Sandbox inapokataa kufunguka



Ofisi nyingi za parokia zina kompyuta moja tu, na humo ndimo kila kitu kilimo: daftari la ubatizo, hesabu za zaka, orodha za jumuiya na taarifa za wafadhili. Kisha anakuja kijana mwenye nia njema na flashi mkononi: "Mama katibu, nimekuletea programu nzuri ya kutunza majina ya wanajumuiya, tena ya bure." Kuikataa ni kumvunja moyo. Kuiweka bila kuijaribu ni kuhatarisha daftari zima.

Kwa ajili ya hali kama hii, tangu mwaka 2019 Windows ina kitu kinachoitwa Windows Sandbox. Ni kompyuta pepe, yaani Windows nyingine, safi kabisa, inayofunguka katika dirisha ndani ya ile uliyo nayo. Ifikirie kama baraza la nyumba. Mgeni usiyemjua humwingizi chumbani. Mnazungumza naye barazani, na akiondoka unafagia. Ukifunga dirisha la Sandbox, vyote vilivyokuwamo vinafutika.

Tatizo ni kwamba mara nyingi haifunguki. Kamati kadhaa zimetuuliza kuhusu jambo hili, na tunajibu kwa kueleza tuliyoyakuta katika parokia moja.

Kompyuta ilikuwa ya msaada, ya miaka michache tu. Kila walipobofya Sandbox walipata ujumbe wenye namba 0xc0351000. Mzee mwenyekiti akauliza, "Mwanangu, tumepewa kibovu?" Hapana, Mzee. Namba hiyo inasema kwamba ile sehemu ya Windows inayobeba kompyuta pepe haijaamka. Kazi ilikuwa kutafuta nani kaizima.

Tulianza na toleo la Windows. Andika winver kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha bonyeza Enter. Sandbox imo katika matoleo ya Pro, Enterprise na Education. Katika toleo la Home haimo, na hapo hakuna ufundi utakaosaidia. Wao walikuwa na Pro. RAM ilikuwa GB 8, nayo inatosha. Kima cha chini ni GB 4, lakini kwa GB 4 utangoja hadi uchoke.

Kisha prosesa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue ukurasa wa utendaji wa CPU. Chini ya mchoro kuna mstari wenye neno Virtualization. Ukisoma Disabled, uwezo huo umezimwa ndani ya BIOS, na hicho ndicho chanzo cha kawaida kuliko vyote. Unawasha kompyuta upya huku ukibonyeza F2, F10 au Delete kutegemea mtengenezaji, unatafuta maneno VT-x au Intel Virtualization Technology kwa prosesa za Intel, au SVM kwa zile za AMD, unawasha, unahifadhi. Ila tafadhali, kabla ya kugusa BIOS, hakikisha mna ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48, kama diski imefungwa kwa BitLocker. Mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya kompyuta iudai ufunguo huo, na bila ufunguo daftari lenu mtalisikia tu.

Kwa wenzetu mstari ulisomeka Enabled. Tukaandika optionalfeatures, tukaona Windows Sandbox imeshatiwa alama. Kila kitu sawa, na bado haifunguki! Hapo tukaacha kuiuliza mashine, tukawauliza watu. Ikajulikana kwamba fundi mmoja aliwahi kuweka VirtualBox, programu nyingine ya kompyuta pepe, na kwa kuwa ilikwenda polepole alizima kile kibebeo cha Windows ili VirtualBox iende kasi. Hakumwambia mtu. Tukafungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, tukaandika:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype auto

Tukawasha kompyuta upya, na Sandbox ikafunguka. VirtualBox nayo hufanya kazi bado, maana tangu toleo la 6.0 inaweza kupanda juu ya kibebeo hicho, lakini polepole. Ukiona alama ya kobe wa kijani chini ya dirisha lake, sababu ni hiyo.

Tulifurahi mapema mno. Wiki iliyofuata mama katibu aliifungua ile programu ndani ya Sandbox, akaipenda, akaingiza majina ya familia asubuhi nzima. Saa ya chakula akafunga dirisha. Hakuna jina hata moja lililobaki. Sisi ndio tuliokosa, maana tulimfundisha kufungua tu. Ndani ya Sandbox jaribu kwa majina ya kubuni, na machache.

Jambo lingine ambalo hatukulisema siku ile: Sandbox huja ikiwa imeunganishwa na mtandao, hivyo programu mbaya inaweza kuzifikia kompyuta nyingine za ofisi. Fungua Notepad, andika mstari huu, uhifadhi faili kwa jina linaloishia na .wsb, na tangu hapo ufungue Sandbox kwa kubofya faili hiyo:

<Configuration><Networking>Disable</Networking></Configuration>

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Mnapotununulia kompyuta, ulizeni dukani kama ni toleo la Pro, na kama ina Windows 11, kwa sababu muda wa kawaida wa matunzo ya Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Parokia zenye toleo la Home zinaweza kutumia VirtualBox, ambayo kifurushi chake cha msingi ni cha bure, lakini ndani yake mtahitaji kuweka mfumo mwingine, kwa mfano Linux, na programu iliyotengenezwa kwa Windows haitajaribika humo moja kwa moja.