Safari ya Ndege Baina ya Mtwara na Dar es Salaam: Masafa na Muda Wake

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Mnyambe, na wa Newala na Masasi kwa jumla, ambaye, kwa sababu ya mgonjwa aliyeandikiwa barua ya kwenda Hospitali ya Muhimbili, au kwa shughuli yake mwenyewe baada ya kuuza korosho, ameazimia kupanda ndege katika uwanja wa Mtwara, naye angependa kujua, kabla hajatoa fedha yake, safari hiyo ni ya masafa gani na itamchukua muda gani.

Baina ya Mtwara na Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka angani, pana kilomita 400 hivi, ilhali barabara, kwa kuwa hulazimika kupitia Lindi na Nangurukuru hata ivuke Mto Rufiji katika Daraja la Mkapa, hukaribia kilomita 560. Marubani huhesabu kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni kilomita 1.852, na kwa hesabu yao masafa hayo ni maili 216 tu.

Ndege ya pangaboi aina ya Dash 8 Q400, iendayo kilomita 600 na zaidi kwa saa, ingeyamaliza masafa hayo kwa dakika 40 lau ingeweza kushika mwendo huo tangu ilipoegeshwa. Lakini sharti kwanza itembee hadi kwenye njia ya kurukia, ipae polepole, kisha ipunguze mwendo na kushuka kwa zamu iliyopangiwa na waongozaji wa Dar es Salaam, na huenda upepo nao ukaikabili kwa mbele. Ndiyo maana muda ulioandikwa katika tiketi aghalabu hukaribia saa moja. Ndege ya jeti, ingawa ina kasi zaidi, haiokoi ila dakika chache, maadamu sehemu kubwa ya safari fupi kama hii ni kupanda na kushuka. Kwa hiyo hakuna haja ya kulipa nauli kubwa kwa kufuata kasi.

Jambo linalotaka uangalifu hasa ni saa za tiketi. Hizo huanza kuhesabiwa usiku wa manane, si alfajiri: palipoandikwa 06:40 ni saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, na 15:20 ni saa tisa na dakika ishirini alasiri. Mwenye tiketi ya 12:10 akidhani ni saa kumi na mbili jioni, atafika uwanjani saa kadhaa baada ya ndege kuondoka, na nauli yake huenda isirudi. Asiye na hakika na amwombe mkata tiketi amwandikie saa hiyo kwa Kiswahili.

Na ile saa moja ya angani ndiyo sehemu ndogo ya safari. Barabara ya kutoka Masasi hadi Mtwara kupitia Newala, Tandahimba na Nanyamba ina urefu wa kilomita 210 hivi, na pasipo lami mvua za masika huweza kulikwamisha gari. Tena abiria hutakiwa awepo uwanjani saa mbili kabla ya kuruka. Basi, ndugu msomaji, ikiwa ndege yako ni ya asubuhi, shuka Mtwara tangu jana yake, ulale huko, na mgonjwa wako apate kupumzika.