Chora Bulgaria kwa penseli, Sofia utaiona yenyewe

Ramani ya Bulgaria humtisha mgeni: majina kwa herufi za Kisirili, milima kila upande, barabara zinazopishana kama miyaa ya mkeka. Iweke kando kwanza. Chukua penseli na karatasi, ufuate hatua hizi tano.

1. Chora fremu. Anza na mstatili uliolala. Juu andika Danubi, mto ambao kwa takribani kilomita 470 ndio mpaka na Romania. Kulia andika Bahari Nyeusi. Kushoto weka Serbia na Masedonia Kaskazini. Chini, Ugiriki na Uturuki.

2. Kata nchi katikati. Piga mstari mnene kutoka magharibi hadi baharini. Hiyo ni Stara Planina, maana yake Mlima wa Kale. Waturuki waliuita Balkan, na jina likaja kuenea rasi nzima. Juu ya mstari ni uwanda wa Danubi, nchi ya ngano na alizeti. Chini yake ni uwanda wa Thrakia, ambako mji wa Plovdiv umekaa kando ya mto Maritsa. Safu hii huzikinga sehemu za kusini na pepo baridi za kaskazini. Kwenye bonde la Kazanlak, chini tu ya mlima, ndiko yanakolimwa mawaridi ya kukamuliwa mafuta.

3. Jaza kona ya kusini magharibi. Chora milima ya Rila na Pirin, kisha Rhodope ikinyoosha kuelekea mashariki. Ndani ya Rila weka nyota: Musala, meta 2,925, kilele kinachovipita vyote katika rasi ya Balkani.

4. Toboa ukuta. Mto Iskar huanzia Rila, huelekea kaskazini, hupenya Stara Planina kwa korongo refu na kumwaga maji yake Danubi. Hakuna mto mwingine unaoikata safu hiyo. Reli ya Sofia kwenda Mezdra hupita humo humo korongoni, kwa hiyo panda treni ya mchana, si ya usiku.

5. Sasa weka Sofia. Wengi huitia katikati, nao hukosea. Iko magharibi, kiasi cha kilomita 55 tu kutoka mpaka wa Serbia, ilhali Burgas ya pwani iko takribani kilomita 380. Basi usipange kwenda kuogelea asubuhi na kurudi jioni. Mji umekaa njia panda: Warumi waliuita Serdica, na barabara yao kuu kutoka Belgrade kwenda Istanbul ya leo ilipita hapo. Ulifanywa mji mkuu mwaka 1879.

Ukishafika, weka penseli mfukoni utumie macho. Sofia iko ndani ya bakuli, meta 550 hivi juu ya usawa wa bahari. Stara Planina iko kaskazini. Kusini umesimama mlima Vitosha, wenye kilele cha meta 2,290. Ukipotea, tafuta Vitosha: huko ndiko kusini. Barabara ya waenda kwa miguu inayoanzia kanisa la Sveta Nedelya imepewa jina la mlima huo, nayo inauelekea.

Mbinu hii ina adui mmoja, nao ni majira ya baridi. Hewa baridi hulala chini ya bakuli, ya vuguvugu ikaifunika, na ukungu na moshi vikakosa pa kutokea. Mlima hutoweka siku kadhaa, ingawa kileleni jua linawaka. Siku hizo tegemea vibao, na ujue mitego yake: С husomwa s, Р ni r, В ni v, Н ni n.

Jioni chora tena bila kutazama. Ukiikosea Iskar, rudia hatua ya nne. Ukiikosea Sofia, kesho usitoke bila ramani.